Anza na Greatest Hits, na Usiskie Aibu

Kuna aina ya msee hukasirika akiskia bendi umeijulia kwa Greatest Hits. Mko base, spika ya mtu inachapa, stori zimeingia mambo ya rock, unasema Queen inakubamba. Anauliza albamu gani. Unamshow Greatest Hits, ile ya 1981. Hapo hapo anakupima toka kiatu hadi kofia, alafu anaanza kukusomea: ati fan wa ukweli huanza na albamu zenyewe, moja moja, vile zilitoka, na hiyo yako ni ya watu wa kupitia tu. Hiyo stori siikubali, na leo naisimamia hiyo albamu wazi wazi. Naipenda. Nimeiskiza nikiwa na chapaa na nikiwa sina, na naona wengi wanaishusha bila kuskiza vile imepangwa.

Cheki kitu moja. Legend ya Bob Marley, ile ngoma zake ulizijua kabla ujue kusoma, ni mkusanyo. Ilitoka 1984, na Bob alikuwa amededi tangu Mei 1981. Wasee wa lebo waliketi wakachagua, wakapanga, wakaachilia. Hapa Nai sijawahi skia mtu akiambiwa hajui Bob ju alianzia Legend. Imechapa kwa mathree za Eastlando, kwa kinyozi, kwa harusi, kwa matanga, na hakuna mtu husimamisha ngoma aulize kama ulitangulia na albamu yake ya Catch a Fire. Sasa mbona rock ndo iwekewe soja kwa mlango?

Sisi watu wa huku ndo hatufai kabisa kudharau mikusanyo, ju muziki ulitufikia hivyo. Mabuda wetu walikuwa wanashuka River Road wanarudi na kanda imejaa ngoma za bendi tofauti. Jumapili redio ilikuwa zilizopendwa toka asubuhi hadi nyama iive. Na leo hakuna makanga atakuchapia albamu nzima ya msanii mmoja. Anaeka miksi ya DJ, na mkishuka bado mnabishana DJ gani anajua kupanga. Hiyo ndo akili yenye iko ndani ya Greatest Hits ya Queen. Kuchagua ni kazi. Ngoma mbili kali ukiziweka pamoja vibaya zinauana, na ukiziweka poa kila moja inainua mwenzake.

Mahesabu pia yako. Mwaka wa 2022 hiyo albamu ilipita kopi milioni 7 Uingereza pekee, na hakuna albamu ingine ilikuwa imewahi fika hapo. Inayoifuata kule ni ABBA Gold ya 1992, nayo mkusanyo. Marekani, albamu yenye ina cheti kikubwa kuliko zote ni ya Eagles, Their Greatest Hits 1971–1975, platinamu mara 38 kufikia 2018. Mkusanyo tena. Nchi mbili tofauti, watu wametoa doo zao wenyewe, na wote wakaangukia kitu aina moja.

Lakini hesabu yenye hunishtua zaidi ni ndogo. Kati ya ngoma 17 za toleo la Uingereza, ni moja tu ilikuwa imefika nambari moja kwa chati ya kule kabla albamu itoke: Bohemian Rhapsody. Basi. Zingine ziligota nambari mbili, nambari saba, nambari kumi na moja, hadi kumi na saba. Yaani albamu iliyouza kuliko zote kwa historia ya hiyo nchi imejaa ngoma zenye zilikosa taji. Don't Stop Me Now, yenye saa hii huwezi kumaliza sherehe kama haijachapwa, mwaka wa 1979 ilifika nambari tisa ikaanza kushuka. Ukiziskiza moja moja, kila baada ya miezi, ni ngoma poa za bendi poa. Ukizieka zote kwa santuri moja ndo unashtuka: hawa wasee hawajawahi rudia kitu.

Na hapo kwa kutorudia ndo utamu wote uko, ju walikuwa wanne na kila mtu alikuwa na kichwa yake. Freddie Mercury kwa sauti na piano, msee wa chuo cha sanaa cha Ealing, ndiye alichora ile nembo ya bendi yenye simba wawili. Brian May kwa gita, alikuwa anasomea fizikia ya nyota kabla muziki umbebe, na aliirudia baadaye akamaliza udaktari wake 2007. Hiyo gita yake aliijenga na mbuyu wake nyumbani, mbao zingine zilitoka kwa fremu ya mahali pa kuotea moto, na anaichapa na sarafu badala ya kile kiplastiki wengine hutumia. Roger Taylor kwa drumu. John Deacon, msee wa elektroniki, mtulivu, aliingia 1971 na besi yake na mbogi ikafungwa.

Miaka kumi baadaye walikuwa juu mbaya. Machi 1981 walijaza uwanja wa Morumbi kule São Paulo, watu 131,000 usiku mmoja. Walikuwa na albamu tisa za studio. Mwisho wa huo mwaka wakaangusha vitu tatu kwa mpigo: Greatest Hits, mkusanyo wa video ulioitwa Greatest Flix, na kitabu cha picha kikaitwa Greatest Pix. Picha ya kava ilipigwa na Lord Snowdon, aliyekuwa ameoa Princess Margaret, sista wa Malkia Elizabeth. Albamu ikakaa nambari moja kwa wiki nne. Nchi ingine zilipewa orodha yao: Marekani walipata ngoma 14, na ndani kukawa na Under Pressure, ile walifanya na David Bowie, yenye Waingereza hawakuwekewa.

Sasa tuingie ndani yenyewe. Ni kitu saa moja hivi, kutoka tao hadi Rongai jioni kama jam imekuhurumia. Tafuta hedifoni.

Inaanza na Bohemian Rhapsody. DJ wengi hiyo wangeificha hadi mwisho. Ni dakika 5 na sekunde 55, haina kiitikio, inaanza na sauti bila ala, inaingia piano, inaingia gita, alafu inageuka opera katikati na kurudi rock ya kuvunja meza. Waliirekodi 1975, sehemu kubwa Rockfield kule Wales, na hiyo kwaya yote unaskia ni wasee watatu, Freddie, Brian na Roger, wakirudia sauti zao juu ya sauti zao hadi ile tepu ikachakaa ukiishika kwa taa unaona mwangaza ukipita. Watu wa lebo walisema ni ndefu, hakuna stesheni itaichapa. Kenny Everett wa Capital Radio kule London akaichapa mara 14 wikendi moja. Ikakaa nambari moja wiki tisa.

Lakini mimi nataka uskize mwisho wake. Kelele imeisha, piano inashuka polepole, Freddie ameshuka hadi ni kama anajiambia mwenyewe, alafu Roger anagonga gongo kubwa, mara moja, laini. Sauti inatanuka, inatanuka, inapotea. Kunakuwa kimya kidogo. Alafu besi ya Deacon inaingia: noti tatu za mahali pamoja, kavu, zinakanyaga chini bila haraka. Another One Bites the Dust. Hapo umeruka miaka mitano, kutoka opera ya 1975 hadi ngoma ya disko ya 1980, na mwili umeelewa kabla kichwa kielewe. Kama uko kwa nganya yenye wufa iko chini ya kiti cha nyuma, hiyo besi haiingilii masikio, inakuingilia mgongo. Hizo sekunde chache, gongo likizama na besi ikiamka, hazipatikani kwa albamu ya kwanza ya Queen wala ya tisa. Ziko hapa tu. Ndo maana naambia wasee hii si albamu ya mabaki.

Hiyo Another One ni ya Deacon, na karibu kila kitu unachoskia ndani amechapa mwenyewe. Alikuwa ameshinda na wasee wa Chic, wale wa Good Times, na hiyo shule inaskika. Bendi haikuwa imepanga kuitoa kama singo. Michael Jackson alikuja kuwacheki show Los Angeles, akaingia nyuma ya jukwaa akawaambia hiyo ndo muitoe. Wakamskiza, ikawa nambari moja Marekani, stesheni za watu weusi zikaichapa. Msee mtulivu wa besi ndiye aliwapatia hiyo hit kubwa Marekani. Yeye huyo huyo ndiye aliandikia bibi yake You're My Best Friend, na ndani yake alichapa piano ya stima mwenyewe ju Freddie hakuwa anaipenda hiyo piano.

Katikati ya upande wa kwanza kuna ndugu wawili, Fat Bottomed Girls na Bicycle Race. Zilitoka singo moja 1978, moja ya Brian na moja ya Freddie, na kila moja inataja mwenzake kwa mistari yake. Kuziweka pamoja kwa albamu ilikuwa lazima, na bado inafurahisha zile kengele za baiskeli zinapoingia zote kwa wakati mmoja. Killer Queen ni ya 1974 na ina ule uzuri wa kitu kimekunjwa vizuri hakina kikunjo cha ziada. Save Me inafunga upande, na ukitoka Don't Stop Me Now kuingia Save Me umetoka kwa sherehe ukaenda kukaa nje peke yako.

Upande wa pili unaamka na Crazy Little Thing Called Love. Freddie aliiandika akiwa ndani ya maji ya kuoga kwa hoteli Munich, haraka sana, kwa heshima ya Elvis, na akachapa gita ya mdundo mwenyewe. Alafu Somebody to Love. Kama umelelewa kanisa yenye kwaya ina nguvu, hii utaijua hata kama hujawahi iskia. Freddie alikuwa anampenda Aretha Franklin vibaya, akataka gospel, na kwa sababu hawakuwa na kwaya wakarudia ile mbinu ya watu watatu kurekodi sauti juu ya sauti hadi wakawa kanisa nzima. Hakuna ngoma ya Queen naipenda kushinda hii. Ile mahali wanaanza chini, wanarudia, wanapanda kidogo kidogo na makofi yanaingia, sijui binadamu anawezaje kukaa kimya.

Ukifika Play the Game utaskia kitu kimebadilika: sauti ya mashine inakuja kama upepo toka mbali kabla piano. Hiyo ni sinthesaiza. Miaka ya nyuma walikuwa wanaandika kwa kava zao ati hakuna sinthesaiza ndani, walijivunia kwamba kila kitu ni gita na vidole. Mwaka wa 1980, kwa albamu ya The Game, wakaziruhusu. Mkusanyo unakuonyesha huo mlango ukifunguka, bila mtu kukuhutubia. Flash, ya filamu ya Flash Gordon, inapita haraka na iache ipite. Seven Seas of Rhye ya 1974 ndo hit yao ya kwanza kabisa, na iko karibu na mwisho, mahali inaskika kama bendi ya vijana wenye njaa, yenye walikuwa.

Alafu mguu, mguu, makofi.

Kila mtoi aliyepanda basi ya shule kwenda games anaijua hiyo. Tuliichapa kwa dawati, kwa mlango wa basi, kwa bati ya dormitori, na wengi wetu hatukuwa tumewahi skia jina la Brian May. Na hivyo ndo alitaka. Mwaka wa 1977 walipiga show Bingley Hall, Stafford. Wakamaliza, wakatoka jukwaani, na umati badala ya kupiga kelele ukaanza kuimba You'll Never Walk Alone, wote, kwa bendi. Fan wa Liverpool wa hapa anajua hiyo inafanyanga nini kwa kifua. Brian akalala na hilo swali: umati umesimama umebanana, hauwezi kufanya mengi, unaweza kufanya nini? Unaweza kukanyaga, kupiga makofi na kuimba. Kesho yake We Will Rock You ilikuwa kichwani.

Waliirekodi studio za Wessex, London, jengo lililokuwa ukumbi wa kanisa. Walipata mbao zimelala hapo, wakazikanyaga. Na ile fizikia ya Brian ikaingia kazi: alirudia hizo sauti kwa kuchelewesha, lakini kila umbali akauchagua usilingane na mwenzake, ili isiskike kama mwangwi wa watu wachache, iskike kama elfu ya watu wamesimama mbali na karibu. Hakuna drumu. Hakuna besi. Gita inangoja hadi mwisho. We Are the Champions inaifuata nyuma, ya Freddie, na albamu inaisha vile show zao zilikuwa zinaisha. Ngoma mbili zilizoandikwa ili umati uimbe, na leo hakuna fainali ya mpira, kutoka Wembley hadi uwanja wa vumbi wa mtaa, zinakosa.

Kati ya hizo 17, kumi ni za Freddie. Na hapa ndo msee wa Nai, wa Dar, wa Mombasa na wa Unguja anafaa kukaa wima, ju huyo msee alizaliwa Stone Town. Tarehe 5 Septemba 1946, jina Farrokh Bulsara, familia ya Waparsi waliotoka Gujarat. Mbuyu wake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu ya Zanzibar chini ya serikali ya Mwingereza. Akiwa mdogo alipelekwa bodin India, Panchgani, shule ya St. Peter's, huko ndo alishika piano, ndo aliitwa Freddie, na ndo alianza bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi Unguja 1963. Januari 1964 Mapinduzi yakaja, familia ikahama ikaishia Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Alikuwa na miaka 17.

Sitasema kuna taarab imejificha ndani ya Bohemian Rhapsody. Freddie mwenyewe hakuwa anabonga sana juu ya Zanzibar, na si haki kumwekea maneno. Lakini hiyo familia ilihama na kijana wa miaka 17 aliyekuwa ashaishi bara mbili kabla ya kuona la tatu, na miaka 17 baadaye, 1981, ikatoka santuri yenye ngoma zake kumi ambazo Uingereza nzima ingenunua kuliko kitu kingine chochote. Ukienda Shangani leo, Kenyatta Road, kuna jumba la makumbusho lake lililofunguliwa 2019. Vijana wa Stone Town wanaozaliwa hatua chache kutoka hapo wana haki ya kusema huyu ni wetu, na waseme kwa sauti. Amekuwa wa Waingereza muda mrefu, anaweza kuwa wa watu wawili.

Kuna vitu hii albamu inaficha, na wale wasee wa base hapo wako na point. Albamu ya kwanza ya Queen, ya 1973, haina hata ngoma moja kwa toleo la Uingereza. The Prophet's Song haiko. '39 haiko, ile ya Brian ya mabaharia wa angani wanaorudi nyumbani wakapata wapendwa wao wamekufa ama wamezeeka, yenye ungeidhani wimbo wa kijijini hadi uskize maneno. Na kosa kubwa kwa macho yangu: Love of My Life haiko. Hiyo ndo ngoma umati wa Amerika Kusini ulikuwa unaimba yote mwaka huo huo wa 1981, Freddie akinyamaza tu na kuwaskiza. Lakini kwa chati za Uingereza haikuwa imefanya kitu, na kipimo cha mkusanyo kilikuwa chati. Kwa hivyo ikaachwa nje. Ni bei ya kuchagua, na hapo walilipa ghali.

Kuna kitu kingine siwezi kukiruka, ju naandika nikiwa huku. Oktoba 1984 Queen walienda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi, wakati wasanii wenzao walikuwa wamegoma kuenda. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawapiga faini. Haikuwa poa na muda haujaifanya iwe poa. Unaweza kupenda ngoma za mtu na hiyo ukaikumbuka wima wima bila kuitafutia sababu.

Julai mwaka uliofuata, tarehe 13, walipanda jukwaa la Wembley kwa Live Aid, show ya kuchangia njaa ya Ethiopia. Walipewa dakika kama 20. Bendi zingine zilienda na ngoma mpya, zingine zikaongea sana. Queen walifanya mazoezi ya ile muda kamili na wakapanga ngoma sita. Nne kati ya hizo ziko kwa hii albamu: kipande cha Bohemian Rhapsody, Crazy Little Thing, We Will Rock You, We Are the Champions. Yaani siku kubwa kuliko zote kwa maisha yao, mbele ya dunia yote, walichapa Greatest Hits kwa ufupi. Wao wenyewe hawakuona aibu. Na waliamka hiyo siku wakiwa bendi yenye watu walianza kusema imeisha, wakalala wakiwa wafalme.

Ushagundua kuna jina moja halijatajwa kwa waandishi? Rudi uhesabu. Freddie kumi, Brian tano, Deacon mbili. Hiyo ni 17. Roger Taylor hana hata moja. Aliyegonga lile gongo, aliyepanda zile noti za juu kabisa za opera, kwa orodha ya waandishi ni sifuri. Alikuwa na wimbo wake wa gari, I'm in Love with My Car, uliokuwa nyuma ya singo ya Bohemian Rhapsody, na vile singo inauzwa na pande zote mbili, alipata malipo ya uandishi sawa na ya Freddie. Hiyo ilileta maneno kwa mbogi kwa miaka. Kwa albamu ya The Miracle ya 1989 wakaamua kila ngoma iandikwe jina la Queen tu, wote wanne, ugomvi wa majina uishe.

Kwa hivyo ukishamaliza hizi 17 na bado una njaa, una njia mbili. Unaweza kuingia A Night at the Opera ya 1975 uanze kuishi na albamu zenyewe, na hapo hata yule msee wa base atakusalimia vizuri. Ama ufanye vile mimi hupenda: uendelee na Greatest Hits II. Ilitoka mwisho wa Oktoba 1991, ngoma 17 tena, na haikuwa imemaliza mwezi sokoni wakati Freddie alikufa, tarehe 24 Novemba, akiwa na miaka 45, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana ukimwi. Deacon ako na I Want to Break Free. Under Pressure, yenye Waingereza walinyimwa 1981, hatimaye iko ndani, trak ya pili. Trak ya tatu ni Radio Ga Ga, ile ilifanya Wembley nzima ipige makofi juu ya kichwa, na mwandishi wake ni Roger Taylor. Na ya kwanza kabisa, yenye inafungua albamu, ni A Kind of Magic. Hiyo pia ni ya Roger.